Vikombe vya kupimia upepo: umbo la rota linavyobadilisha namba unayosoma

Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania, TMA, ikitoa tahadhari ya upepo mkali unaofikia kilomita 40 kwa saa, haupiti muda picha za skrini zinaanza kuzunguka kwenye makundi ya WhatsApp. Huyu ana kipimo juu ya paa la nyumba yake, kinasoma 33. Yule wa mtaa wa pili anasoma 46. Kila mmoja anataka kujua nani anasema kweli, na wengi huishia kuamini kwamba mamlaka inakisia.

Sehemu ya jibu ni mahali na muda. Upepo wa taarifa rasmi hupimwa juu ya mlingoti wa mita 10 kwenye uwanja ulio wazi, na kasi yake ni wastani wa dakika 10. Kipimo cha paani kipo ndani ya hewa iliyovurugwa na bati, miembe na ghorofa la jirani, na namba zake hubadilika kila baada ya sekunde chache. Hayo yameelezwa mara nyingi. Lisiloelezwa ni kwamba hata ukivifunga vipimo hivyo viwili kwenye mlingoti mmoja, bado vinaweza kupishana, kwa sababu umbo la ile sehemu inayozunguka si moja. Hilo ndilo tutakalolifungua hapa.

Sehemu zake na kazi zake

Kipimaupepo cha vikombe, ambacho wengine hukiita anemomita, kina rota yenye vikombe vitatu (zamani vilikuwa vinne) vilivyoshikwa na mikono mifupi kwenye kitovu kimoja. Kitovu hukaa juu ya mhimili uliosimama wima, na mhimili huzunguka ndani ya beringi. Chini yake mna sumaku na swichi ndogo. Kila rota inapozunguka, swichi hujifunga mara moja au zaidi na kutuma mpigo wa umeme kwenye kirekodi.

Kirekodi chenyewe hakipimi upepo. Kinahesabu mipigo kwa sekunde, kisha kinaizidisha kwa namba kiliyowekewa kiwandani. Namba hiyo ni ya rota ya umbo fulani na ukubwa fulani. Rota ikibadilika, namba inakuwa ya uongo, na kioo kitaendelea kuonyesha kasi kana kwamba hakuna kilichotokea.

Tukubaliane maneno matatu. Mdomo wa kikombe ni upande ulio wazi, na mgongo ni upande wa nyuma. Mkono, katika hesabu, ni umbali kutoka katikati ya mhimili hadi katikati ya kikombe. Na uwiano wa rota ni kasi ya upepo ikigawanywa kwa kasi ya vikombe.

Kwa nini huzunguka, na kwa nini hakikimbii sawa na upepo

Ukiuelekeza mdomo wa mwavuli kwenye upepo, unakuburuta. Ukiugeuza mgongo, upepo unateleza pembeni na mkono wako unapata nafuu. Kikombe kiko hivyo hivyo. Kwa kikombe cha umbo la nusu tufe, kigezo cha ukinzani wa hewa ni takriban 1.4 upande wa mdomo na takriban 0.4 upande wa mgongo. Maana yake upepo ule ule huusukuma mdomo mara tatu na nusu ya unavyousukuma mgongo, na tofauti hiyo ndiyo inayoizungusha rota.

Rota ikishaanza kwenda, mambo hubadilika. Kikombe kinachokwenda na upepo hukutana na upepo mdogo zaidi: kasi ya upepo kutoa kasi yake chenyewe. Kile kinachorudi hukutana na upepo mkubwa zaidi, kasi mbili zikijumlishwa. Kwa kuwa msukumo wa hewa hukua kwa kipeo cha pili cha kasi, rota huongeza mwendo mpaka misukumo ya pande mbili ilingane, kisha hutulia hapo. Ukipiga hesabu kwa 1.4 na 0.4, ulinganifu unapatikana kikombe kikiwa kwenye asilimia 30 hivi ya kasi ya upepo. Upepo wa mita 10 kwa sekunde hukipeleka kikombe kwa mita 3 tu kwa sekunde. Kwa hiyo anayedhani vikombe hukimbia sambamba na upepo, na kwamba kinachobaki ni kuhesabu mizunguko, ameshapotea kwa mara tatu.

Aliyebuni kifaa hiki, Thomas Romney Robinson, mwanaastronomia wa Armagh kule Ireland, alikitoa mwaka 1846 kikiwa na vikombe vinne vya nusu tufe. Alitangaza kwamba kasi ya upepo ni mara tatu ya kasi ya vikombe, na kwamba ukubwa wa kikombe na urefu wa mkono havibadilishi kitu. Itazame hesabu ya hapo juu utaona kwa nini jambo hilo linashawishi: urefu wa mkono haumo kabisa. Lakini hewa halisi haifuati hesabu nyepesi namna hiyo. Kikombe hakiukabili upepo kwa mdomo na kwa mgongo pekee, bali hupita kwenye pembe zote za duara. Huingia kwenye kivuli cha mwenzake kikatoka. Mikono nayo hukinzana na hewa. Rota za ukubwa mbalimbali zilipopimwa, ule uwiano ukaonekana unacheza kati ya 2 na zaidi kidogo ya 3, kutegemea vipimo vya kikombe na mkono. Waliozidisha kwa 3 kwenye rota iliyohitaji namba ndogo waliandika upepo mkubwa kuliko uliovuma.

Vinne, vitatu, mviringo, koni

Watu wengi hudhani vikombe vingi zaidi huleta usahihi zaidi. Kazi iliyochapishwa mwaka 1926 na John Patterson wa Kanada ilionyesha vinginevyo. Alipima nguvu ya kuzungusha inayotolewa na kikombe kwa kila pembe, akakuta kilele chake kipo kikombe kikiwa kwenye nyuzi 45 na mwelekeo wa upepo. Kwa kuwa kilele hakipo pale ambapo mtu angekitarajia, mpangilio wa vikombe kwenye duara una uzito mkubwa. Rota ya vikombe vitatu ilitoa nguvu isiyopanda na kushuka sana ndani ya mzunguko mmoja, na ikaitikia mabadiliko ya upepo haraka kuliko ya vinne. Kikombe cha nne kilikuwa kinaongeza uzito na kuwafunika wenzake.

Mwaka 1935 Brevoort na Joyner, Wamarekani, wakafuatilia umbo la kikombe chenyewe, na kutoka hapo vikombe vya koni vikashika nafasi. Tatizo la nusu tufe ni mgongo wake laini. Hewa inayopita juu ya mgongo wa mviringo hufika mahali ikabanduka, na mahali hapo huhama kutegemea kasi ya upepo, msukosuko wake, hata ukwaruzo wa uso wa kikombe. Pa kubandukia pakihama, kigezo cha ukinzani nacho huhama, na ule uwiano hauwi tena namba moja kwa kasi zote. Koni yenye ukingo mkali huipa hewa mahali pamoja pa kubandukia, yaani kwenye ukingo. Ndiyo maana rota ya vikombe vitatu vya koni huchora karibu mstari ulionyooka ukilinganisha mizunguko na kasi ya upepo, na kosa lake lilishuka chini ya asilimia 3 hadi upepo wa karibu kilomita 97 kwa saa.

Mstari ulionyooka una faida kubwa, kwa sababu kifaa kizima kinaweza kuelezwa kwa namba mbili: moja ya kuzidisha mizunguko kwa sekunde, nyingine ya kujumlisha. Hiyo ya kujumlisha, ambayo mara nyingi ni chini ya nusu mita kwa sekunde, wauzaji wengi wa vipimo vya bei nafuu huiacha, na matokeo yake vipimo vyao husoma pungufu kwenye upepo mdogo.

Nusu sentimita ya mkono

Hapa ndipo makosa mengi ya mitaani hutokea, kwa hiyo tupige hesabu yote. Chukua rota yenye mkono wa sentimita 7 na uwiano wa 3. Mzingo wa duara linalochorwa na vikombe ni sentimita 44. Rota inapomaliza mzunguko mmoja, upepo umeshapita mita 1.32. Kwenye upepo wa mita 10 kwa sekunde, rota huzunguka mara 7.6 hivi kila sekunde, na swichi yenye mipigo miwili kwa mzunguko hutuma mipigo 15.

Sasa kikombe kimoja kinavunjika. Inanunuliwa rota nyingine inayofanana: rangi ile ile, tundu la mhimili lile lile, skrubu ile ile. Mkono wake ni sentimita 6.5. Hata tukijalia kwamba uwiano umebaki 3, ambalo nalo si la kutegemea, kila mzunguko sasa unawakilisha mita 1.23 badala ya 1.32. Kirekodi hakijaambiwa, kinaendelea na 1.32. Kila namba itakuwa juu kwa karibu asilimia 8, na upepo wa kilomita 40 utasomeka 43.

Kwa mvuvi anayesubiri kuingia baharini, kilomita 3 huenda zisibadilishe uamuzi. Kwa anayepima eneo la mitambo ya umeme wa upepo ni hasara, kwa sababu nishati iliyomo kwenye upepo hukua kwa kipeo cha tatu cha kasi. Asilimia 8 kwenye kasi huwa karibu asilimia 25 kwenye nishati. Mradi wenye ukubwa wa ule wa Ziwa Turkana huko Loiyangalani, wenye mitambo 365 na megawati 310, hauwezi kupangwa juu ya namba yenye shaka ya robo nzima.

Tukiwa hapo hapo tuondoe dhana nyingine: kwamba rota inayozunguka kwa kasi zaidi ni bora zaidi, au inapata upepo zaidi. Mizunguko mingi kwa sekunde ni dalili ya mkono mfupi basi, kwani vikombe vinakwenda mwendo ule ule kwenye duara dogo.

Rota hupanda haraka kuliko inavyoshuka

Hili ndilo jambo zito kuliko yote katika kifaa hiki, na ndilo linalotajwa kidogo zaidi kwenye vijitabu vya maelekezo. Upepo wa kweli hauvumi kwa kasi moja. Tuseme wastani ni mita 10 kwa sekunde na rota imetulia, vikombe vikienda mita 3.03. Ghafla upepo unapanda hadi 14. Tumia vigezo vile vile vya 1.4 na 0.4: mdomo unasukumwa kwa 1.4 mara kipeo cha pili cha 10.97, sawa na 168. Mgongo unazuia kwa 0.4 mara kipeo cha pili cha 17.03, sawa na 116. Tofauti inayoharakisha rota ni 52.

Sasa badala ya kupanda, upepo ushuke kwa kiasi kile kile, hadi 6. Mdomo unapata 12, mgongo unazuia kwa karibu 33. Tofauti inayopunguza mwendo ni 20 tu. Upepo umepanda na kushuka kwa mita 4 zile zile, lakini nguvu ya kuharakisha ni zaidi ya mara mbili na nusu ya ile ya kupunguza. Rota inaruka upepo unapoongezeka na kusuasua unapopungua, na wastani wa siku nzima unavutwa juu ya ukweli. Kwenye paa lenye msukosuko mkubwa kosa hilo hukua, maana upepo hauishi kupanda na kushuka.

Umbo la rota linaingia hapa kupitia kipimo kinachoitwa umbali wa mwitikio: mita ngapi za upepo zipite kabla rota haijafikia asilimia 63 ya badiliko la ghafla. Mwongozo wa Shirika la Hali ya Hewa Duniani, WMO, unataka mita 2 hadi 5. Rota yenye umbali wa mita 3, kwenye upepo wa mita 6 kwa sekunde, huhitaji nusu sekunde. Kwenye upepo wa mita 2 kwa sekunde huhitaji sekunde moja na nusu.

Wengi hufikiri dawa ni kufupisha mikono. Haisaidii kama inavyoonekana. Mkono mfupi hupunguza ukaidi wa rota, yaani inavyogoma kubadili mwendo, kwa kipeo cha pili cha urefu wake, lakini hupunguza pia nguvu ya hewa ya kuirekebisha kwa kiasi hicho hicho, na vitu hivyo viwili karibu vinafutana. Kinachobaki ni uzito wa kikombe ukilinganishwa na eneo la mdomo wake. Kikombe chepesi chenye mdomo mpana huitikia haraka. Kikombe kizito cha chuma chenye mdomo mdogo huburuta miguu. Ndiyo sababu vipimo vizuri vya utafiti hutumia plastiki ngumu au nyuzi za kaboni, na ukitaka kulinganisha rota mbili dukani, mizani na rula vitakuambia mengi kuliko tangazo.

Uzito wa hewa nao umo. Kwenye mwinuko wa mita 2,000, kama huko nyanda za juu za Njombe, hewa ni nyepesi kwa karibu asilimia 18 kuliko ya usawa wa bahari. Namba ya kuzidisha haitikisiki sana, kwa sababu mdomo na mgongo hupungukiwa pamoja, lakini umbali wa mwitikio hurefuka kwa karibu asilimia 22.

Upepo unaopanda mlima

Kipimaupepo cha vikombe kinatakiwa kupima sehemu ya upepo inayokwenda sambamba na ardhi. Kwenye mgongo wa milima kama ya Ngong, upepo hufika ukiwa umeinama juu. Ukiinama kwa nyuzi 15, sehemu ya mlalo ni asilimia 96.6 ya kasi yote, hivyo rota nzuri inapaswa kushuka kwa zaidi kidogo ya asilimia 3. Rota nyingine hazishuki, nyingine hushuka kupita kiasi, na hilo hutegemea kina cha kikombe, umbo lake na unene wa shingo ya kifaa chini ya rota. Mlingoti uliopinda huleta kosa lile lile uwanjani kwenye ardhi tambarare, kwa hiyo timazi iwe ndani ya mfuko wa fundi kila apandapo.

Umbo linapoharibika

Rota si lazima ibadilishwe ili umbo lake libadilike. Pwani, chumvi huganda mgongoni mwa kikombe na kuukwaruza, kisha huingia kwenye beringi. Nyigu wa matope hujenga ndani ya kikombe. Jua hupindisha plastiki duni mpaka mdomo wa kikombe kimoja ukalegea pembeni. Kikombe kimoja kikiharibika, rota yenye afya inayotetemeka mara tatu kwa kila mzunguko huanza kuwa na mtikisiko wa ziada mara moja kwa mzunguko. Kirekodi chenye kasi ya kutosha huuona, macho hayauoni.

Ukaguzi wa miezi sita haupiti nusu saa. Pima kwa rula kutoka katikati ya mhimili hadi ukingo wa nje wa kila kikombe; vyote vitatu vilingane ndani ya milimita moja. Tazama midomo yote imesimama wima. Osha kwa maji baridi yasiyo na chumvi na kitambaa laini, usitumie steelwire wala sabuni ya unga yenye chembe. Kisha ndani ya chumba kisicho na upepo zungusha rota kwa kidole: inapaswa kupungua taratibu na kusimama mahali tofauti kila mara. Ikirudi kusimama mahali pamoja, haina mizani na mhimili haujasimama wima. Ikikatika ghafla, beringi imekwisha.

Beringi mbovu huumiza zaidi upepo mdogo, kwa kuwa nguvu ya kuzungusha kwenye mita 2 kwa sekunde ni moja ya ishirini na tano ya ile ya mita 10. Dalili yake kwenye rekodi ni sifuri nyingi alfajiri, huku majani ya mnazi yakitikisika.

Cheti kinasema nini

Ugezi, yaani kulinganisha kifaa na kipimo kinachoaminika, kwa vipimaupepo hufanyika ndani ya handaki la upepo, na kwa kazi za umeme wa upepo kasi zinazotumika ni kati ya mita 4 na 16 kwa sekunde. Juu ya hapo, kama siku ya kimbunga, namba inayosomwa ni kurefusha mstari tu, na ni rota yenye mstari ulionyooka kweli inayostahili kuaminiwa huko. Handaki pia lina upepo mtulivu, kwa hiyo cheti hakisemi chochote kuhusu ile tabia ya kupanda haraka na kushuka polepole. Hilo utalikuta kwenye daraja la kifaa kwa mujibu wa kiwango cha kimataifa cha mitambo ya upepo, IEC 61400-12-1 (tangu 2022 sehemu hiyo imehamia IEC 61400-50-1), ambacho hutenganisha vifaa vya ardhi tambarare na vya ardhi yenye milima.

Unaponunua, uliza namba mbili za mstari, umbali wa mwitikio, na kama cheti kimetolewa kwa rota hiyo hiyo yenye namba yake ya mfululizo au kwa mfano wa aina yake. Ukibadilisha rota, hata ikitoka kiwanda kile kile, namba mpya ziingizwe kwenye kirekodi siku hiyo hiyo na tarehe iandikwe, ili anayesoma rekodi mwaka ujao asidhani upepo wa eneo umebadilika.